Gari, Mbwa na Kura

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kuhama. Ile safari ya kwanza, ya kutoka Nyarugusu au Kakuma au Kampala hadi Marekani, tumeizungumza mara nyingi. Leo nazungumzia ya pili, ambayo hakuna shirika linalokungoja uwanja wa ndege na kibao chenye jina lako. Ni pale unapotoka jimbo moja la Marekani na kwenda kuishi jingine.

Sababu zake mnazijua. Mtu amepangiwa Louisville, Kentucky, amekaa, amezoea, mara shemeji anapiga simu kutoka Fort Worth: huku kazi ipo, theluji hatuijui, njooni. Wengine wanafuata viwanda vya nyama vya Iowa. Wengine wanafuata ndugu zao Portland, Maine, pamoja na baridi yake yote. Ijumaa lori la kukodi linapakiwa, Jumapili watu wako Texas wanaulizana unga wa ugali unauzwa wapi. Jumatatu kazini. Makaratasi yatafuata.

Hapo kwenye "yatafuata" ndipo ninapotaka tukae. Kuna karatasi zitakazokufuata zenyewe hadi zikupate, na kuna moja ambayo haitakutafuta hata ukikaa miaka kumi.

Wengi wetu jambo hili hatukulizoea. Ukitoka Arusha na gari lako ukaenda kuishi Mtwara, namba yako ya T unakwenda nayo, na mamlaka ya mapato, TRA, ni ile ile. Ukihama Mombasa kwenda Kisumu, namba yako ya K haibadiliki. Marekani mambo ni tofauti. Majimbo ni 50, na kila moja lina sheria zake za gari, leseni zake, kodi zake na taratibu zake za kura. Ukihama jimbo umehama serikali, ingawa bendera na dola ni zile zile.

Tuanze na gari, kwa kuwa gari ndilo lenye haraka. Texas inampa mhamiaji siku 30 za kusajili gari na siku 90 za kubadili leseni. California inampa siku 20 za gari na 10 tu za leseni. Minnesota ni wapole, siku 60 kwa vyote viwili. Arizona haihesabu siku kabisa: ukishakuwa mkaazi, gari lako linatakiwa lisajiliwe mara moja. Hata jina la ofisi hubadilika. Umezoea kusikia DMV, lakini Ohio wanaiita BMV, Arizona ni MVD, Minnesota DVS. Texas wamekwenda mbali zaidi. Leseni unaifuata kwa idara ya usalama, DPS, na gari unalipeleka kwa mkusanya kodi wa kaunti. Wapo waliopanga foleni asubuhi nzima DPS wakiwa na kadi ya gari mkononi, wakaambiwa dirisha lao liko mtaa mwingine.

Kwanza tafuta bima ya jimbo jipya. Bima ya Kentucky imepigiwa hesabu kwa barabara na sheria za Kentucky, na mkusanya kodi wa Texas atataka kuona bima ya Texas. Kisha hati ya umiliki. Kama bado unalipa mkopo, mara nyingi hati iko kwa benki, kwa hiyo wapigie simu mapema, usingoje siku ya 29. Ukaguzi wa usalama wa magari madogo Texas waliufuta tangu tarehe 1 Januari 2025, ingawa ada yake ya dola 7.50 wameendelea kuitoza kwa jina jingine. (Serikali zote ni ndugu katika hili.) Kaunti za miji mikubwa, Dallas, Tarrant, Harris, Travis, bado zinapima moshi. Na gari ambalo tayari lilikuwa limesajiliwa kwa jina lako kule ulikotoka hulipiwa kodi ya mkaazi mpya, dola 90. Kibao cha namba kinafungwa mbele na nyuma. Kama ulikuwa Kentucky, ambako ni nyuma tu, tafuta mtu mwenye drili.

Huko ulikotoka nako usiondoke kimya. Kentucky hutoza kodi ya gari kila mwaka, na anayedaiwa ni yule aliyekuwa na gari tarehe 1 Januari. Aliyeondoka Februari bado bili ni yake. New York nao wanataka vibao vyao virudishwe kabla hujakata bima. Ukikata bima kwanza, kompyuta yao inaona gari lenye namba ya New York lisilo na bima, na adhabu inakuja kwa posta. Hilo gari ndilo ninalosema litakufuata. Polisi atakusimamisha, kamera itakupiga picha, bili itakuja, kwa kuwa gari ni fedha na serikali haisahau fedha.

Mbwa tutamalizana naye upesi. Najua wengi wenu mnaosikiliza hamfugi mbwa, na wa pwani wengine hawataki hata amguse mtu kanzu. Lakini watoto wetu waliokulia hapa wameshaanza kuwaleta nyumbani, na mwenye nyumba naye ana kodi yake ya mbwa kila mwezi, juu ya kodi yenu ninyi binadamu. Kwa mbwa, bwana mkubwa mara nyingi ni mji au kaunti. Maine, mbwa akifikisha miezi 6 unamwandikisha kwa karani wa mji, na unarudi kila mwaka. Pennsylvania wana sheria ya jimbo zima, kuanzia miezi 3. Texas haina leseni ya mbwa ya jimbo, ila Houston inataka mbwa na hata paka waandikishwe, na Dallas inataka mbwa awe na kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi.

Chanzo cha yote hayo ni kichaa cha mbwa. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba aina ya ugonjwa inayoambukizwa mbwa kwa mbwa imekwisha nchini, lakini popo, rakuni na vicheche bado wanao, ndiyo maana chanjo inadaiwa karibu kila mahali. Cheti cha daktari wa mifugo ndiyo karatasi ya kwanza kupakia kwenye lori. Mbwa akimng'ata mtoto wa jirani na cheti hakipo, ninyi na jirani mna kesi, na mbwa anaweza kuuawa ili ubongo wake upimwe. Hawaii, ambako kichaa cha mbwa hakijawahi kukaa, mnyama aliyefika bila vipimo na karatasi kamili huzuiliwa hadi siku 120. Basi, mbwa amekwisha.

Sasa kura, ambayo hasa ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti leo.

Nilisema Texas gari linasajiliwa kwa mkusanya kodi wa kaunti. Katika kaunti nyingi za jimbo hilo, huyo huyo mkusanya kodi ndiye pia mwandikishaji wa wapiga kura. Kaunti kama Tarrant na Dallas zina ofisi zao za uchaguzi, lakini Harris, yenye jiji la Houston, ilikuwa nayo, na mwaka 2023 sheria ya jimbo ikairudisha kazi hiyo ya kuandikisha kwa mkusanya kodi. Kodi na kura zimekutanaje dirisha moja? Mwaka 1902 Texas iliweka kodi ya kichwa kwa mpiga kura: dola 1.50, na kaunti ikiruhusiwa kuongeza kidogo. Hukulipa, hupigi kura. Stakabadhi ya kodi ndiyo ilikuwa kadi yako ya kura. Kwa mchuma pamba, mweusi, Mmeksiko au mzungu maskini, hizo zilikuwa fedha za kufikiria mara mbili, na kusudi lilikuwa ndilo hilo. Wazee wetu waliokimbilia porini mkusanya kodi ya kichwa alipotokea hawakunyimwa kura kwa kutolipa, kwa sababu hiyo kura yenyewe hawakuwa nayo. Texas iliigeuza kodi kuwa mlango wa kura. Marekebisho ya 24 ya Katiba yaliipiga marufuku mwaka 1964 kwa uchaguzi wa taifa, na mwaka 1966 mahakama zikaimalizia iliyobaki katika majimbo. Kodi ilikufa, dirisha likabaki.

Juu ya hapo, mwaka 1993 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoagiza kwamba mtu akienda kuchukua leseni ya udereva aulizwe pia kama anataka kuandikishwa kupiga kura. Majimbo machache yalisamehewa, Minnesota ikiwemo. Nia ilikuwa nzuri. Watu wengi huenda kwenye ofisi ya magari, basi waandikishwe huko huko. Kwa raia anayehama hiyo ni neema.

Lakini msikilizaji, si sote tunaosimama dirishani pale ni raia. Kuna wenye kadi ya kijani, kuna wakimbizi wa mwaka wa kwanza, kuna wenye viza ya masomo. Karani ana foleni ndefu, anauliza haraka kama anayesoma orodha: uzito, urefu, unatoa viungo ukifa, unataka kujiandikisha kupiga kura? Na sisi tumelelewa hivyo, mtu wa ofisini akiuliza, adabu ni "ndiyo". Aliyeishi kambini ana sababu nzito zaidi. Nyarugusu, Nduta, Kakuma, Dzaleka: huko tangazo la uandikishaji likitoka unakimbia, kwa kuwa asiyeandikwa hali. Familia iliyokosa siku ya kuhesabiwa ilikosa mgao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia Marekani kwamba ipo orodha ambayo jina lake likiingia anaumia, atakuona unamdanganya.

Ipo. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, asiye raia akidai uraia ili kupata haki ya raia, mfano kujiandikisha kupiga kura, anaweza kufungiwa mlango wa kuupata uraia wenyewe, na hata kuondolewa nchini. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 2017, mahakama ya Fort Worth ilimhukumu mama mmoja mwenye kadi ya kijani, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mchanga, kifungo cha miaka 8 kwa kupiga kura. Alikuwa akipiga kura kaunti ya Dallas. Alipohamia Tarrant akaomba kuandikishwa upya, ndipo majibu yake kwenye fomu yalipogongana, safari moja akijitaja kuwa si raia, safari nyingine raia. Angalia basi: kuhama ndiko kulikomfichua, tena kuhama kaunti ya pili tu, ndani ya jimbo lile lile. Kwangu mimi adhabu ile ilikuwa kubwa kupita kosa, lakini maoni yangu hayapunguzi hata siku moja.

Wala usitegemee kompyuta ikulinde. Oregon humwandikisha mtu yenyewe akichukua leseni, bila yeye kuomba. Mwaka 2024 iligundulika kwamba ofisi yao ya magari ilikuwa imeingiza daftarini zaidi ya watu 1,200 ambao hawakuwa wameonyesha uthibitisho wowote wa uraia. Kosa lilikuwa la karani aliyechagua kisanduku kisicho chake. Kwa hiyo kama wewe si raia, jibu dirishani ni "hapana, mimi si raia", kwa sauti, na ile karatasi unayopewa kutia saini uisome mwenyewe au umpe mwanao akusomee. Kama tayari jina limeingia kwa bahati mbaya, usipige kura, na kabla ya kutuma N-400 muone wakili wa uhamiaji au mshauri aliyeidhinishwa. Yule ndugu anayejazia watu fomu baada ya ibada ana moyo mzuri, ila hili limemzidi kimo.

Kwenu msio raia ipo karatasi nyingine ambayo Texas na Kentucky hazina habari nayo. Idara ya uhamiaji, USCIS, inatakiwa kuarifiwa anwani mpya ndani ya siku 10 tangu kuhama. Ni bure, kwa fomu AR-11 au kwenye tovuti yao. Kubadilisha anwani posta hakutoshi. Na aliyekaribia kuomba uraia ajue kwamba kabla ya kutuma maombi lazima awe amekaa miezi 3 katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea. Ukihama mwezi wa maombi, hesabu inaanza upya.

Sasa niwageukie mliokwisha kuapa. Ninyi tatizo lenu ni kinyume chake: hakuna atakayekutafuta. Usipohamisha gari utatozwa faini, usipohamisha mbwa jirani atasema. Usipohamisha kura, kimya. Jimbo la zamani litakutumia kadi ya kuuliza kama umehama, usipojibu na chaguzi mbili kuu zikapita wanafuta jina lako, kisheria kabisa. Jimbo jipya halijui kuwa upo. Tunakuwa watu wenye namba mpya za gari, tunalipa kodi mpya, na katika kuchagua bodi ya shule ya watoto wetu tuko sawa na mtu anayepita njia.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, na hapa kuna hadithi inayotuhusu. Juni 1970 mhadhiri kijana wa sheria, James Blumstein, alihamia Nashville, Tennessee, kufundisha chuo kikuu cha Vanderbilt. Tarehe 1 Julai akaenda kujiandikisha, akakataliwa: sheria ilitaka mtu akae mwaka mzima jimboni na miezi 3 katika kaunti. Akashtaki. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki, na aliyeandika hukumu ni Jaji Thurgood Marshall. Hilo jina Wakenya wazee wanalikumbuka: mwaka 1960, akiwa wakili, alikuwa Lancaster House, London, akiwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya na kuandika rasimu ya haki za raia. Hukumu yake ya 1972 ilisema huwezi kumnyima mtu kura kwa sababu ni mgeni jimboni, na kwamba siku 30 zinawatosha maofisa kupanga daftari lao. Muda wa siku 30 ambao Texas bado inaushikilia unatoshea ndani ya mpaka huo.

Majimbo mengine yamekwenda mbali. Maine ilianza mwaka 1973 kuruhusu watu wajiandikishe siku ile ile ya uchaguzi. Bunge la jimbo lilipoifuta ruhusa hiyo mwaka 2011, wananchi wakairudisha kwa kura mwaka huo huo. Minnesota nako unajiandikisha kituoni, na kama huna karatasi ya anwani, mpiga kura wa eneo lenu anaweza kukudhamini kwa kiapo. Mmoja anaruhusiwa kudhamini hadi watu 8. North Dakota haina daftari la kujiandikisha kabisa. Texas ni kinyume: fomu ya karatasi yenye saini, iwasilishwe siku 30 kabla. Leseni ya Kentucky haimo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubaliwa kituoni. Na kama umehama wakati uandikishaji wa uchaguzi wa rais umeshafungwa kwenye jimbo jipya, sheria ya taifa inakuruhusu kumpigia rais kura katika jimbo ulilotoka. Jina kubaki kwa muda katika madaftari mawili peke yake si kosa. Kosa ni kupiga kura mara mbili.

Raia wapya, nendeni DPS na cheti cha uraia au pasipoti, hata kama leseni ya zamani bado ina muda. Mwaka 2019 Texas ilitangaza orodha ya watu kama 95,000 waliodhaniwa kuandikishwa kupiga kura bila uraia. Ikaja kuonekana kuwa wengi walikuwa raia halali. Walichukua leseni wakiwa na kadi ya kijani, wakaapa baadaye, na kompyuta ya leseni haikuambiwa. Mashtaka yakafunguliwa, zoezi likasitishwa, na katibu wa jimbo aliyelitangaza akaondoka madarakani mwaka huo huo. Orodha za namna hiyo zitakuja tena, na rekodi iliyosahihishwa mapema inakuepusha na barua za vitisho.

La mwisho ni la akina mama na wazee ambao Kiingereza kinawasumbua. Karatasi za kura za Texas hazichapishwi kwa Kiswahili. Lakini sheria ya taifa inamruhusu asiyeweza kuisoma karatasi aingie na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mwanawe, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi akikukatalia, mwombe amwite mkubwa wake.

Fomu ya Texas haihitaji stempu. Inapatikana posta, maktaba na ofisi za kaunti. Kama wewe ni raia na umehamia huku, ichukue wiki hii unapokwenda kulipia namba za gari, ijaze kwa jina lililo kwenye cheti chako cha uraia, uitie posta, na baada ya wiki chache piga simu kaunti uulize kama jina limeingia. Kama bado si raia, iache pale pale mezani, na ndani ya siku 10 waandikie USCIS anwani yako mpya.